Namba Kumi na Moja

Katika msimu wa kandanda wa 2013/14 mji wa Mbeya ulishikwa na homa ambayo dawa yake haiuzwi dukani. Timu ya Mbeya City, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, iliwasumbua wakubwa wa Dar es Salaam mpaka ikamaliza ligi katika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Young Africans, mbele ya Simba. Siku ya mchezo njia zote ziendazo Uwanja wa Sokoine zilifurika nguo za rangi ya zambarau. Wachoma mahindi waliacha majiko yao, na hata mazishi, yasemekana, yalipangiwa saa isiyogongana na saa ya mpira. Mji huu haukuwa mgeni wa furaha ya namna hiyo. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya wilaya ya jirani kule kwenye migomba na mvua zisizokatika, iliutwaa ubingwa wa nchi nzima, na wako wazee wa Rungwe ambao mpaka leo huhesabu habari za dunia kwa kuanzia mwaka huo.

Katika mtaa wa Soweto alikaa mzee mmoja ambaye hakwenda uwanjani. Siku za mchezo alitoa kigoda chake, akakiweka juani ubavuni mwa nyumba, akajifunika koti zito la zamani, maana baridi ya Mbeya haimstahi mtu wa miaka themanini. Kisha akawasha redio na kuipunguza sauti mpaka ikawa kama mnong'ono. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba mtangazaji hupiga kelele nyingi kuliko mchezo wenyewe, na kwamba yeye alitaka kuwasikia watu wa jukwaani tu. Kwa kelele zao aliweza kujua mpira uko upande gani wa uwanja.

Watu wa mtaa walijua mambo mawili juu yake: kwamba zamani alikwenda Wenela, na kwamba huko alicheza mpira. Walioyajua hayo walikuwa wazee wenzake, nao walipungua kila mwaka. Vijana walimjua kwa koti lake.

Mtu aliyekuja kumwuliza zaidi alikuwa mwalimu wa historia wa shule moja ya sekondari, kijana wa miaka thelathini na kitu, ambaye usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi aliandika mambo yake mwenyewe katika daftari lake. Haja ya kumtafuta mzee haikutoka Mbeya. Ilitoka katika kitabu alichoachiwa na Mmarekani mmoja wa kujitolea, aliyefundisha hesabu shuleni hapo miaka miwili na kwenda zake. Kitabu hicho kiliandikwa na Joe Posnanski, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Kansas City Star, kikatoka mwaka 2007. Kinaeleza mazungumzo yake na mzee aliyeitwa Buck O'Neil, ambaye alizunguka naye Marekani katika mwaka 2005, mzee akiwa na umri wa miaka tisini na mitatu. Mchezo wa mzee huyo ulikuwa besiboli, mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu. Mwalimu hakuzielewa sheria zake, na kurasa zenye hesabu nyingi alizipita kama mtu apitavyo kwenye matope. Walakini mzee mwenyewe alimwelewa vizuri.

O'Neil alizaliwa mwaka 1911 huko Carrabelle, katika Florida, mjukuu wa mtumwa. Alikulia Sarasota, akafanya kazi katika mashamba ya seleri. Shule ya sekondari ya mji ilikuwa ya watoto weupe, naye hakuweza kuingia. Mji ukaja kumpa cheti cha shule ile mwaka 1995, alipokuwa na miaka themanini na mitatu. Mpira nao ulikuwa umegawanywa kama shule. Katika mwaka 1920 Rube Foster aliwakusanya wenye timu katika mji wa Kansas City, wakaanzisha ligi ya watu weusi, kwa kuwa ligi kubwa za nchi ziliwafungia mlango bila ya sheria yoyote iliyoandikwa. Katika ligi hizo za weusi walitokea wachezaji ambao waliowaona waliapa kwamba dunia haijapata wengine mfano wao: Oscar Charleston, Josh Gibson, Satchel Paige. O'Neil aliingia Kansas City Monarchs mwaka 1938, na kuanzia 1948 akawa msimamizi wa timu. Mlango ulifunguliwa tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson, ambaye mwaka 1945 alikuwa mtu wa Monarchs, alipoingia uwanjani katika nguo za Brooklyn Dodgers. O'Neil siku ile alikuwa na miaka thelathini na mitano. Aliupata mlango wazi na miguu imechoka. Alikuja kuingia kwa njia nyingine: mwaka 1962 Chicago Cubs walimfanya mkufunzi, mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo katika ligi kubwa.

Katika kitabu kile mna kisa kimoja ambacho mwalimu alikisoma mara nyingi. O'Neil na mwandishi wake walikuwa wamekaa jukwaani kutazama mchezo. Mchezaji mmoja akawarushia watazamaji mpira. Mtoto mmoja akaunyoshea mikono, na mtu mzima aliyekuwa karibu naye akaudaka yeye, akaufurahia kama aliyeokota dhahabu. Mwandishi akamlaani mtu yule. O'Neil akamwambia asifanye haraka: huenda mtu huyo ana mtoto wake nyumbani. Mwandishi akauliza, kama anaye, mbona hakumleta? Mzee akajibu kwamba huenda mtoto ni mgonjwa. Mwalimu alipokifunga kitabu alikuwa na hasira kuliko O'Neil mwenyewe, na neno hili lilimsumbua. Alitaka kumtafuta mtu wa kwao aliyecheza wakati wa ubaguzi, amwulize maswali ambayo, kwa maoni yake, mwandishi wa Kimarekani aliona haya kuyauliza.

Jumamosi ya kwanza alifika na daftari jipya na robo ya sukari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Ni habari ya ada ya mjukuu?"

Mwalimu alieleza kwamba siyo ada. Mzee alifarijika sana, akamwita binti yake alete chai, na kwa faraja ile akazungumza saa mbili. Lakini hakuzungumza alilotakiwa. Alizungumza juu ya mpira wenyewe, ile ngozi. Mpira wa siku zile, alisema, ulishonwa kwa vipande vinene, na mahali pa kuingizia kibofu pakafungwa kwa kamba kama kiatu. Mvua ikinyesha ngozi ilikunywa maji ikawa nzito kama boga. Mtu aliyeupiga kwa kichwa alipaswa kutazama kamba iko wapi. Asipotazama, kamba ilimchana. Akavua kofia akaonyesha kovu lililokuwa kama mkunjo mwingine wa paji la uso. Yeye alicheza insaidi wa kushoto, namba kumi. Kazi ya namba kumi, alisema, si kufunga magoli. Kazi yake ni kumlisha winga.

Mwalimu aliuliza: je, hapa Mbeya waliruhusiwa kucheza na Wazungu?

"Wazungu wa hapa hawakujua mpira," mzee alijibu. "Walicheza gofu."

Jibu hili mwalimu alilikata kwa mstari katika daftari, kwa kuwa aliliona si jibu. Miezi mingi baadaye alirudi akalifuta lile kato. Kwa hakika mzee alikuwa amesema kweli kuu juu ya Tanganyika ya siku zake. Mbeya ulikuwa mji mdogo, uliokua kwa sababu ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, ukawa makao ya serikali ya jimbo. Watu wake walikaa kwa mafungu, Wazungu kwenye klabu yao, Wahindi kwenye yao, Waafrika kwenye vumbi. Palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikajengwa nyingine kubwa huko Iringa, ya St. Michael's na St. George's, ambayo majengo yake leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Shule za nchi hazikuunganishwa mpaka mwaka 1962. Katika hali kama hiyo timu mbili za rangi mbili hazikatazwi kukutana, hazikutani tu. Mwenye kubaguliwa haoni hata ukuta wa kuupiga teke. Mwalimu alikuwa amekuja kutafuta ukuta.

Ukuta mzee aliukuta alikokwenda. Wenela lilikuwa jina la watu la chama kilichoandika vibarua kwa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, karibu na Johannesburg. Ni herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza zilizolainishwa na ulimi. Katika miaka ya 1950 chama hicho kiliwachukua vijana wengi wa Nyanda za Juu za Kusini, hasa Wanyakyusa na Wandali, kwa malori, kisha kwa ndege mpaka Francistown katika Bechuanaland, kisha kwa gari moshi. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 Serikali mpya iliikata njia hiyo. Mzee alikwenda mwaka 1955, akarudi 1957. Alikuwa hajapata kupanda baiskeli alipopandishwa ndege. Na jambo hili, aliloliona la kuchekesha, alilisema kila Jumamosi.

Huko mgodini walikaa katika kambi ya wanaume watupu, kila kabila na chumba chake. Walisemeshwa kwa Fanakalo, lugha iliyounganishwa kwa Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana, yenye amri nyingi na maswali machache. Siku sita walishuka chini ya ardhi. Siku ya Jumapili kambi iliruhusiwa kucheza ngoma na mpira, na mabwana wa mgodi wakaleta viti vyao kutazama. Timu za weupe zilikuwa na chama chao, za Waafrika chao, za Wahindi chao, za machotara chao. Katika nchi nzima haikuwako timu moja iliyochanganya. Mwaka 1957, lilipofanyika kombe la kwanza la mataifa ya Afrika huko Khartoum, Afrika Kusini haikucheza kwa sababu haikukubali kupeleka timu ya rangi zote. Mwalimu alimsomea mzee habari hiyo, akamwuliza kama waliisikia mgodini. Hawakuisikia. Waliyemsikia ni Steve Mokone, Mwafrika wa huko aliyekwenda Uingereza kuichezea Coventry City katika mwaka 1956, wa kwanza wa rangi yake kutoka nchi ile kucheza mpira wa malipo Ulaya. Habari zake zilifika kambini kama zinavyofika habari za mtu aliyekwenda mbinguni: kila mmoja aliamini, na hakuna aliyejua nauli.

"Soweto hii," mzee alisema siku moja, akielekeza fimbo yake kwenye vibanda vya mboga, "nilipokuwa kule, Soweto ya kule haijaitwa hivyo." Na ndivyo ilivyo; jina la mitaa ile ya Johannesburg lilitolewa mwaka 1963.

Kwa Jumamosi nne au tano mwalimu aliuliza juu ya kudhulumiwa, mzee akajibu juu ya mpira. Aliulizwa juu ya mshahara, akaeleza jinsi ya kupaka mafuta ya nguruwe viatu vya mpira. Aliulizwa kama aliwachukia mabwana wa viti, akasema mmoja wao alijua mpira kweli kweli, na wengine walikuwa wakilala. Ilifika mahali mwalimu akadhani mzee anaogopa. Ni dhana rahisi kwa msomi: mtu akikataa kuwa na hasira unayotaka awe nayo, humwita mwoga au mjinga. Lakini mzee hakuwa mwoga wala mjinga, na hasira alikuwa nayo. Aliiweka mahali pamoja tu, kama mtu awekavyo fedha, na mahali penyewe palikuwa upande wa kushoto wa uwanja.

Aliwataja wenzake wa timu ile kwa mpangilio wa namba. Golikipa, mabeki wawili, mahafu watatu, mpaka akajifikia mwenyewe, namba kumi. Kila mmoja alimpa jina lake na la babake, kijiji, na jambo moja alilolijua kufanya. Alipofika namba kumi na moja alinyamaza.

Winga wa kushoto alikuwa mtu wa Ziwa Nyasa, ama wa upande wa Karonga ama wa upande wa Kyela. Mzee hakuwa na hakika, maana lugha ni moja, na Mto Songwe haujapata kumtenga mtu na shangazi yake. Alikuwa mfupi, miguu yake imepinda kidogo, na alipokimbia mkono wake wa kulia ulikaa kifuani kama mtu aliyebeba yai. Mzee alizikumbuka krosi zake moja moja. Kambini watu waliitana kwa majina ya utani, na huyu aliitwa Ileveni, kwa Kiingereza cha jezi yake. Karani alimwita kwa namba nyingine ndefu. Jina lake la nyumbani alilitaja mara moja, usiku katika gari moshi, vijana wawili wakizungumza wasilale. Mzee alilisikia. Alikuwa nalo miaka mingi. Lilimtoka, hajui lini.

Ileveni alikufa chini ya mgodi siku ya Alhamisi, jiwe lilipomwangukia.

Mzee alisimulia kwamba Jumapili iliyofuata mabwana hawakutaka kuvunja mchezo, basi wachezaji wakapatana. Walikataa kumweka mtu mwingine. Waliingia kumi, wakaacha upande wa kushoto mtupu. Naye beki wa wapinzani, ambaye kazi yake ilikuwa kumlinda Ileveni, hakuondoka mahali pake dakika zote tisini. Alisimama pale akimlinda mtu asiyekuwapo. Mwalimu alipoandika hayo mkono wake ulitetemeka. Alikwenda nyumbani akajua kwamba amepata kitabu chake.

Baada ya majuma mawili alimwomba mzee akisimulie tena, apate kusahihisha. Mzee alikisimulia tena. Safari hii akataja, katikati ya maneno mengine, kijana mmoja wa Nyasaland aliyevalishwa jezi ile asubuhi ya Jumapili, na kwamba walifungwa manne kwa moja.

"Lakini, mzee, ulisema mliingia kumi."

Mzee alikaa kimya. Ndani, chumvi ilikuwa ikitwangwa, na kinu kikasikika muda.

"Nilisema hivyo," alijibu. "Ndivyo tulivyotaka. Tulizungumza usiku kucha. Asubuhi wakaleta kijana, tukacheza."

Msomaji aliyezoea habari za ligi za weusi za Marekani atakumbuka kwamba nako visa vimejaa. Juu ya Cool Papa Bell wanasema alikuwa mwepesi hata akizima taa huwa amekwisha kulala kabla chumba hakijaingia giza. Satchel Paige, wanasema, aliwaamuru wenzake wakae chini uwanjani, awashinde wapinzani peke yake. Watu wengine huwacheka wazee kwa visa hivi. Walakini kisa huota pale ambapo karani hakuandika. Magazeti ya weupe hayakuandika michezo ya weusi, na hesabu zilizobaki zilikuwa katika magazeti ya weusi yaliyochakaa. Watafiti wakayapekua ukurasa kwa ukurasa miaka na miaka. Mwezi Desemba 2020 wenye ligi kubwa walikiri kwamba ligi zile nazo zilikuwa ligi kubwa, na mwaka 2024 hesabu zake zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi, ndipo Josh Gibson, aliyekufa mwaka 1947, akawa juu ya wapigaji wote waliopata kuhesabiwa, kwa wastani wa .372. Hiyo ni kazi njema. Lakini hata karatasi chakavu huhitajika ili mtu aipekue. Kwa mchezo wa Jumapili katika kambi ya mgodi, kati ya watu waliorudishwa kwao mkataba ulipokwisha, ni gazeti lipi lililoandika?

Mwalimu alikasirika, na hakujua amemkasirikia nani. Siku ile alisema neno ambalo baadaye alilijutia. Alisema kwamba yeye ana majina kumi ya kweli, na watu wa kumi hao hawajapata kuandikwa popote. Atayachapisha katika gazeti, na ya kumi na moja atasema halikujulikana. Mzee akamkataza. Alisema ama yote ama lisiandikwe hata moja.

"Mzee, kumi si bora kuliko sifuri?"

"Hukucheza mpira, wewe," mzee alisema.

"Lakini wale kumi wamekosa nini?"

"Hawakukosa. Nao wangekwambia haya haya. Nenda ukawaulize."

Hawakuwa wa kuulizwa. Walikuwa wamekwisha kufa wote, naye alijua. Mwalimu alifunga daftari. Hakurudi Jumamosi iliyofuata, wala ile ya baada yake. Kulikuwa na mitihani, na baada ya mitihani kulikuwa na sababu nyingine. Mbeya City ilipoteza michezo, watu wakarudi kwenye majiko yao.

Ni katika miezi hiyo mwalimu alisoma habari za daktari mmoja wa Peoria, Illinois, aitwaye Jeremy Krock. Alitafuta kaburi la Jimmie Crutchfield, mchezaji wa ligi za weusi, akalikuta halina jiwe. Akachangisha fedha akaliwekea, kisha akaendelea na makaburi ya wengine. Alisoma tena mwisho wa habari za O'Neil. Tarehe 27 Februari 2006 kamati ya watu kumi na wawili ilikutana kuchagua watu wa ligi za weusi wa kuingizwa katika jumba la mashujaa la Cooperstown. Ilichagua kumi na saba, wote marehemu. O'Neil, aliyekuwa hai na miaka tisini na minne, aliyekuwa amewasema watu wale miaka yote katika vyumba ambamo hakuna aliyetaka kuwasikia, hakuchaguliwa. Yasemekana alipungukiwa na kura moja. Alipoombwa aende Cooperstown awasemee wale kumi na saba siku ya sherehe, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kinywa, alikubali. Alikwenda tarehe 30 Julai, akasimama akawasema, hakutaja kura zake. Akafa tarehe 6 Oktoba mwaka ule ule.

Zamani mwalimu aliisoma habari hii kama dhuluma aliyofanyiwa O'Neil. Safari hii aliitazama hesabu ya watu. Kumi na saba, na aliyekwenda kuwasema siye mmoja wao.

Alirudi Soweto, lakini si kwa kupenda kwake mwenyewe, aliitwa. Mjukuu wa mzee alimkuta shuleni baada ya gwaride la asubuhi akampa salamu: babu anasema jina limepatikana.

Mzee alikuwa ndani, kitandani, maana Juni ya mwaka ule ilikuwa na baridi kali na kifua kilimbana. Binti yake alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Mzee alimweleza mwalimu kwamba alituma watu Kyela na Kiwira siku ya soko, kuuliza kama yuko aliyebaki wa safari ile ya 1955, au mjane, au mtoto, hawakupata mtu. Lakini usiku wa juzi alilala, akajikuta katika gari moshi, na yule mtu akamwambia jina lake kama alivyomwambia zamani.

"Ndaga," alisema mzee, kwa kuwa mwalimu alikuwa ameitikia wito. "Fungua daftari."

Mwalimu akalifungua. Mzee akalitaja jina, la mtu na la babake, taratibu, kama atajaye mtu kwa karani asiyejua lugha.

Lilikuwa jina la beki wa kulia. Lilikuwa katika ukurasa ule ule, katika mstari wa pili, pamoja na kijiji chake na sifa yake ya kupiga mpira mrefu bila ya kutazama. Mwalimu alilitazama mstarini, akamtazama mzee, ambaye macho yake yalikuwa yamefumba na uso wake umetulia kuliko alivyopata kuuona. Kisu mlangoni kilikuwa kimesimama. Binti alikuwa akimtazama mwalimu. Aliyasikia majina yale utotoni mwake mwote, na bila shaka aliyajua kwa mpangilio wake.

"Umeandika?" mzee aliuliza.

"Nimeandika, mzee," alisema mwalimu, na akaandika.

Mzee alizikwa mwaka 2017 kwao Rungwe. Kwenye msiba palisomwa wasifu wake, mstari mmoja ukasema kwamba katika ujana wake alikuwa mchezaji mpira. Mwalimu hakuchapisha majina. Na ndiyo sababu hayamo humu, ya wale kumi wala la mzee.

Tarehe 5 Desemba 2021 kamati nyingine ilimchagua Buck O'Neil kuingia Cooperstown, akaingizwa tarehe 24 Julai 2022, miaka kumi na sita kamili kasoro siku sita tangu aliposimama pale kuwasema wengine. Mwalimu aliisikia habari ya uchaguzi kwenye simu yake, katika daladala. Jumamosi hiyo alipeleka daftari Soweto. Binti wa mzee aliifuta mikono, akalipokea, akayasoma majina kwa sauti tangu la golikipa, pamoja na vijiji vyake. Alilisoma la beki wa kulia. Alipofika namba kumi na moja alilisoma vile vile lilivyoandikwa, wala sauti yake haikusita. Kisha akalirudisha daftari akauliza kama mwalimu atakunywa chai ya maziwa au ya rangi.